"Tumalizane": mwongozo wa kudai fidia ukiumizwa kwa uzembe wa mtu mwingine

Neno linalowapotezea watu haki zao barabarani ni "tumalizane". Gari limeshagonga, watu wamejaa, dereva anatetemeka, mwenye gari kapigiwa simu naye kaja na bahasha. Majeruhi yuko chini na maumivu hayajaanza sawasawa. Anapewa laki mbili, anawekewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, anaweka dole gumba. Miezi mitatu baadaye mguu umegoma kuunga, pesa imeisha, na karatasi ile inasema hana dai lingine lolote.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo na ndugu zake. Unahusu tawi ambalo wanasheria wetu huliita sheria ya madhara, yaani kanuni zinazosema ni lini aliyemdhuru mwenzake anapaswa kumlipa hata kama hawakuwa na mkataba wowote. Ninaongelea Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake katika mambo mengi ya haya, kwa hiyo msomaji wa huko aulize huko.

Nitakwenda na mfano mmoja. Fundi cherehani ana kibaraza mbele ya duka, kwenye mteremko. Asubuhi moja pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, imejaa mifuko ya saruji, inashuka, breki hazishiki, inapanda kibarazani. Cherehani inapondeka. Mguu wa kulia wa fundi unavunjika, ule ule anaokanyagia. Nguo sita za wateja zinachanika na kulowa oili.

Kwanza, tenganisha kesi mbili

Trafiki akija, akapima, akachukua maelezo na dereva akapelekwa mahakamani, watu husema "kesi inaendelea" na fundi anakaa kusubiri. Kesi hiyo si yake. Ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na fundi humo ni shahidi tu. Dereva akipigwa faini, faini inaingia serikalini. Mahakama ya jinai inao uwezo wa kuamuru majeruhi alipwe fidia, lakini hiyo si kazi yake kuu, wala usijenge matumaini yako hapo.

Kesi ya fundi ni ya madai. Anaifungua mwenyewe, yeye akiwa mdai, na dereva na tajiri yake wakiwa wadaiwa. Kesi hizi mbili zinaweza kwenda sambamba. Hata dereva akiachiwa kwenye ya jinai, ya madai haifi, kwa sababu jinai inadai ushahidi usioacha shaka, na madai yanaangalia tu upande gani ushahidi wake una uzito zaidi. Kinyume chake, dereva akitiwa hatiani kwa kuendesha kwa uzembe, omba nakala ya hukumu hiyo iliyothibitishwa na mahakama. Ni silaha nzito kwenye kesi yako.

Pili, jua unachotakiwa kuthibitisha

Kuumia peke yake hakutoshi. Kwenye uzembe, ambao ndio unaozaa madai mengi zaidi ya aina hii, mdai anathibitisha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari juu yake, kwamba aliuvunja wajibu huo, kwamba uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo na yanahesabika.

Wajibu huu una historia inayofaa kusimuliwa. Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, haionyeshi ndani. Alishakunywa kiasi, na alipomiminiwa iliyobaki, alieleza yeye, ukatoka mzoga wa konokono uliooza. Akaugua. Kwa sheria ya wakati ule alikuwa amekwama, maana hakununua yeye na hakuwa na mkataba na kiwanda. Mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, majaji watatu kwa wawili, ikasema mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji wa mwisho. Kesi inajulikana kama Donoghue dhidi ya Stevenson. Jaji Lord Atkin akaweka kipimo ambacho mahakama zetu hukitumia hadi leo: jirani yako kisheria ni yule ambaye ungepaswa kufikiri kwamba kitendo chako kitamgusa. Kwa hiyo jirani si yule tu mnayepakana ukuta. Kwa dereva wa pikapu, fundi wa kibarazani ni jirani.

Mtu anaweza kuuliza konokono wa Uskoti anatuhusu nini. Anatuhusu kwa sababu sehemu kubwa ya sheria yetu ya madhara haijaandikwa kwenye kitabu kimoja cha Bunge. Sheria ya Sura ya 358 ("Sura" ni namba ya sheria katika orodha ya sheria za nchi) inaelekeza mahakama zetu kutumia kanuni za kimahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyoendana na mazingira yetu. Hukumu za baada ya tarehe hiyo hazitufungi, lakini zina ushawishi, na hii ya mwaka 1932 imekubaliwa kiasi kwamba hakuna anayeibishia.

Rudi kwa fundi. Wajibu upo. Umevunjwaje? Hapa ndipo upande wa pili utakapopigana. Watasema breki zilikatika ghafla, ni ajali ya Mungu. Usikate tamaa. Gari likiwa katika hali ya kawaida halipandi vibarazani. Tukio lenyewe linajieleza, na ukishalionyesha, mwenye gari ndiye anayebanwa atoe maelezo: liliangaliwa lini na fundi gani, lilibeba uzito gani, pedi za breki zilibadilishwa lini. Ndiyo maana ripoti ya ukaguzi wa gari inayofanywa na polisi baada ya ajali ina thamani kuliko mashahidi kumi wanaosema "lilikuja kasi".

Watasema pia fundi alikuwa ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali. Hoja hii inawatisha watu wengi mpaka wanaacha kudai. Mtu kukaa mahali asiporuhusiwa hakumpi dereva ruhusa ya kumgonga. Hoja hiyo inaweza, ikithibitika kwamba ilichangia kuumia kwake, kumpunguzia fidia. Mahakama ikiona fundi alichangia robo ya kosa, fidia inapungua robo, na robo tatu analipwa.

Jambo jingine dogo lenye uzito. Kama fundi ana kisukari na kidonda kinachelewa kupona, mdaiwa hawezi kujitetea kwamba mtu mwenye afya angepona haraka. Uliyemuumiza unamchukua kama alivyo.

Tatu, kusanya ushahidi kabla haujafagiliwa

Kesi nyingi zinashindwa hapa, katika siku mbili za kwanza, wakati ndugu wote wako hospitali na hakuna aliyebaki eneo la tukio. Gawaneni kazi. Mmoja aende na majeruhi, mwingine abaki.

Anayebaki apige picha kabla gari halijasogezwa: namba ya gari, alama za matairi, cherehani ilipolala, mteremko wote kutoka juu. Apige picha za mbali na za karibu. Bima ya gari inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na fanya hivyo siku hiyo hiyo, kwa sababu bima za kughushi zipo. Achukue majina na namba za simu za watu wawili au watatu walioona kwa macho, siyo waliosimuliwa. Muuza mahindi wa upande wa pili wa barabara ni shahidi bora kuliko binamu yako.

Anayekwenda hospitali ahakikishe PF3 inapatikana polisi. Hali ikiwa mbaya, matibabu kwanza, fomu ifuate. PF3 ni ile karatasi ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha aliyoyakuta. Isome kabla hujaondoka. Nimewahi kushika PF3 iliyoandikwa mguu wa kushoto wakati uliofungwa plasta ni wa kulia. Kosa la namna hiyo linarekebishika siku ile ile kwa dakika tano, ila baada ya miaka miwili, mbele ya wakili wa upande wa pili, linakuwa balaa. Toa nakala mbili.

Polisi, omba namba ya jalada, na baadaye omba ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Andika barua, peleka, waombe wagonge mhuri kwenye nakala yako.

Sasa daftari. Nunua daftari la kurasa 40, mistari ya kawaida. Kila shilingi inayotoka kwa sababu ya ajali iandikwe tarehe yake, imelipwa kwa nani, ya nini. Bajaji ya kwenda kliniki, elfu tano. Plasta (POP), dawa, magongo, kipimo cha eksirei. Ukurasa wa kushoto maandishi, wa kulia risiti zimebandikwa kwa gundi, na risiti za mashine zipigwe picha au zitolewe nakala kwa sababu wino wake hufutika baada ya miezi. Dereva wa bajaji hana risiti? Mwandikie hati ndogo, asaini na aweke namba yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na fidia ni vivyo hivyo.

Nne, jua wa kumdai

Dereva mwenyewe anadaiwa, lakini dereva wa pikapu ya saruji mara nyingi hana kitu. Sheria inakuruhusu umfuate tajiri yake. Mwajiri anawajibika kwa kosa la mfanyakazi wake lililotendeka akiwa kazini, kwa shughuli ya mwajiri. Dereva alikuwa anapeleka saruji kwa mteja, basi mwenye duka yumo. Angekuwa amechukua gari Jumapili bila ruhusa kwenda harusini, ingekuwa hadithi nyingine. Kwa hiyo pata ushahidi wa safari ile ilikuwa ya nini: noti ya mzigo, mteja aliyesubiri saruji, mifuko kwenye picha zako. Mwenye gari kisheria tafuta kwenye usajili wa gari, usitegemee jina lililoandikwa mlangoni.

Kisha bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na fundi ndiye mtu wa tatu huyo. Kwa kawaida hauishitaki kampuni ya bima moja kwa moja. Unamshitaki dereva na mwenye gari, na hukumu ikitoka bima inapaswa kuilipa. Lakini bima inatakiwa iarifiwe mapema kuhusu kesi, kwa maandishi. Peleka barua kabla hujafungua shauri na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kuna watu wameshinda kesi wakakwama hapo hapo.

Gari likiwa la serikali au halmashauri, mambo yanabadilika. Unatoa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye ni lazima aunganishwe kwenye shauri, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Ukiruka hatua moja, shauri linaondolewa bila hata kusikilizwa.

Na kama umeumia ukiwa kazini kwako, mlango wa kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko si lazima uthibitishe uzembe wa mwajiri, ila madai yapelekwe ndani ya miezi 12.

Majeruhi akifariki, dai halifi naye. Sheria ya Sura ya 310 inawaruhusu wategemezi wadai kwa kupoteza mtu aliyewalisha, kwa kawaida kupitia msimamizi wa mirathi. Kikao cha familia cha kumteua msimamizi kisingoje arobaini ipite mara tatu.

Tano, piga hesabu ya dai

Kuna fidia mahsusi na fidia ya jumla, na kuzichanganya ni kosa linalogharimu. Mahsusi ni ile yenye tarakimu: gharama za matibabu, nauli, cherehani, nguo za wateja alizolazimika kulipia, mapato yaliyopotea hadi siku ya kufungua shauri. Hii lazima itajwe kwa kila kipengele kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa vielelezo. Mahakama ya Rufani imelisisitiza hili mara nyingi mno. Ukiandika "matibabu, shilingi milioni tatu" halafu una risiti za laki nane, utapata laki nane.

Chukua mfano wa fundi: hospitali 1,280,000, nauli za kliniki 140,000, cherehani 450,000, nguo za wateja 210,000. Mapato je? Alikuwa anapata wastani wa 15,000 kwa siku. Atathibitishaje? Daftari lake la oda, lile lenye vipimo vya viuno na mabega, majina na bei. Mafundi wengi hawajui kwamba daftari lile lenye madoa ya chaki ni kielelezo cha mahakamani. Siku 150 za kazi alizokaa kitandani, kwa 15,000, ni 2,250,000. Jumla mahsusi 4,330,000.

Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu, furaha ya maisha iliyopotea, uwezo wa kazi uliopungua. Kiasi anakipanga hakimu au jaji, akiangalia uzito wa jeraha na sababu atakazozieleza. Kazi yako ni kumpa picha. Ripoti ya daktari iseme asilimia ya ulemavu wa kudumu, na fundi aeleze kwa maneno yake kwamba hawezi tena kukanyaga cherehani zaidi ya nusu saa.

Sita, barua ya madai, na jinsi ya kumalizana bila kujimaliza

Kumalizana siyo dhambi. Mashauri mengi yanastahili kuishia mezani, na kesi inachosha. Tatizo ni kumalizana kabla hujajua umeumia kiasi gani. Mfupa hauna haraka ya kueleza habari zake. Subiri daktari aseme hali imetulia.

Pesa ya haraka ikihitajika kwa ajili ya matibabu, ipokee, lakini andika: "Nimepokea shilingi 200,000 kutoka kwa fulani kwa ajili ya gharama za awali za matibabu. Malipo haya ni sehemu tu na hayamalizi madai yangu yatokanayo na ajali ya tarehe fulani." Pande zote zisaini, mashahidi wawili wasaini. Mwenye gari akikataa kusaini maneno hayo, umeshajua alichokuwa anakitaka.

Baadaye tuma barua ya madai. Eleza tukio kwa aya moja, taja kosa, orodhesha kiasi, ambatisha nakala, toa siku 14 au 30 za kujibu. Lugha iwe ya heshima. Barua hiyo itasomwa na hakimu siku moja.

Saba, saa inayokwenda

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara, kuanzia siku madai yalipozaliwa. Mikataba ina miaka 6, na watu huchanganya. Madai ya fidia kwa jambo lililotendwa katika kutekeleza sheria iliyoandikwa yana mwaka 1 tu. Kwa mtoto, muda unaanza kuhesabiwa atakapotimiza umri wa utu uzima, ingawa mzazi anaweza kumfungulia shauri mapema kama "rafiki wa karibu", yaani mtu mzima anayesimama mahakamani kwa niaba ya mtoto.

Mazungumzo hayasimamishi saa. Wala kesi ya trafiki haisimamishi. Mwenye gari anayesema "njoo mwezi ujao tuongee" kwa miaka mitatu anaweza kuwa hana ubaya, lakini ukifika mahakamani umechelewa siku moja, shauri linatupwa. Mahakama haina uwezo wa kukuongezea muda wa kufungua shauri. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza, kwa sababu za msingi, kuongeza hadi nusu ya muda uliowekwa, na hilo ni ombi gumu. Jiwekee mwenyewe ukomo wa mwaka mmoja.

Nane, mahakamani

Mahakama ya Mwanzo siyo mahali pa dai hili, maana mamlaka yake kwenye mambo ya namna hii yamefungwa kwenye sheria za mila na za Kiislamu. Nenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi mahali ajali ilipotokea au mdaiwa anapoishi. Uwezo wake wa kifedha kwa dai la aina hii ni hadi shilingi milioni 200, na kinachopimwa ni fidia mahsusi, siyo ile ya jumla. Usiandike fidia ya jumla ya bilioni ukidhani itakupeleka Mahakama Kuu.

Hati ya madai inaeleza nani, lini, wapi, uzembe ulikuwa upi hasa, madhara gani na unaomba nini. Sehemu ya uzembe iwe na vipengele: kuendesha gari lenye breki mbovu, kupakia kupita kiasi, kushindwa kulidhibiti gari. Mdaiwa akishapelekewa wito ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi. Kisha kunakuwa na usuluhishi kabla ya kusikiliza ushahidi. Uende nao kwa moyo mweupe, na hesabu zako mkononi, kwa kuwa bima nyingi hulegea hapo zikiona daftari lenye risiti. Mkishindwana, mashahidi wanaitwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo dai liandikwe kwa lugha ambayo fundi mwenyewe anaielewa.

Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika jamii. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako wako wapi. Msaidizi hatasimama mahakamani kama wakili, lakini atakusaidia kwenye makaratasi na kukuelekeza kwa shirika lenye wakili.

Ukishinda, unapata hukumu na tuzo, yaani amri ya mahakama inayosema ulipwe nini. Mdaiwa asipolipa, unaomba ukazaji, yaani mahakama iitekeleze tuzo kwa nguvu, na dalali wa mahakama anaweza kukamata mali, ikiwemo pikapu yenyewe. Una miaka 12 ya kukaza tuzo hiyo. Kila malipo ya sehemu yapitie mahakamani au benki, yaandikwe tarehe na salio, kwenye daftari lile lile la kurasa 40.